Bahari ya Sebuleni

Samaki wa daktari wa meno alikuwa anakufa, na kila mwenye macho alikuwa anamwona. Alielea ubavu juu ya maji, mdomo wazi, kama mgonjwa mwingine tu anayesubiri kuitwa. Chini ya tangi lile dogo benchi lilijaa watu walioshika mashavu, na kati yao alikuwapo mmoja ambaye jino lilimuuma kweli, ila mfuko mtupu ulimuuma zaidi. Huyo ndiye Mtaalamu.

Jina hilo alijipa mwenyewe, maana hapakuwa na chuo ambacho kingempa. Mwaka ule alikuwa ameshauza rangi ya bati inayofukuza joto, kidude cha kuchomeka ukutani kinachopunguza bili ya umeme, na miche ya parachichi ambayo ilipokua ikawa kitu kingine kabisa. Kila biashara iliisha vilevile: yeye alihama mtaa, wateja wakabaki na hasira zao. Asubuhi hiyo hakuwa na biashara yoyote mkononi, na kwa mtu wa aina yake huo ni ugonjwa mzito kuliko jino.

Kushoto kwake alikaa mwanamume mnene mwenye saa pana kama sahani ya kikombe. Huyu alikuwa na ukumbi wa kukodisha kwa sherehe, na kwa kuwa alikuwa amesimama mlangoni kwenye harusi nyingi za watu wengine, alijiona mtu anayeijua dunia. Watu walimwita Mwenye Ukumbi, naye alipenda waliite jina hilo kwa sauti.

"Kitu gani hiki," alisema akilitazama tangi. "Mimi ningeamua, ningeweka la ukuta mzima."

Mtaalamu hakugeuka. "Huyo samaki hamalizi saa moja," alisema.

Samaki hakumaliza dakika kumi. Mhudumu akaja na kijiko cha chai, akamchota, akaondoka naye. Mwenye Ukumbi akamtazama jirani yake kwa heshima mpya, kana kwamba kutambua samaki aliyelala ubavu ni elimu ya juu.

"Umejuaje?"

"Ni kazi yangu. Mimi ni mtaalamu wa bahari za ndani."

Kazi hiyo haikuwahi kuwapo duniani mpaka alipoitamka. Lakini ilipokwisha kutoka mdomoni ilikaa vizuri, na mwenyewe akaipenda.

"Bahari za ndani ndiyo nini?"

"Watu wa kawaida wanafuga hawa wa maji baridi, wa kuonea huruma. Watu wa hadhi wanaweka bahari yenyewe. Maji ya chumvi, matumbawe hai, samaki wa rangi. Lakini tuyaache hayo, mheshimiwa. Ni mambo ya watu wachache."

Kuna watu ukiwaambia kitu ni ghali wanakimbia, na kuna ambao ukiwaambia ni cha wachache wanakukimbilia. Daktari alipomwita Mwenye Ukumbi, alimwambia aendelee na mgonjwa mwingine, jino limepoa.

Kesho yake Mtaalamu alikuwa amekaa kwenye sebule ya Mwenye Ukumbi, kwenye kochi lililokuwa bado na nailoni ya dukani, akiupima ukuta kwa jicho moja. Usiku uliopita alikuwa ametazama video tatu kwenye simu huku pamba ikiwa shavuni. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake yote.

"Tumbawe ni mnyama, mheshimiwa, si jiwe," alisema. "Unamkata kidole, unakigundisha kwenye jiwe jingine, kidole kinaota mkono. Mkono nao unaukata vidole."

"Na hivyo vidole vinauzwa?"

"Hoteli zinavigombania. Una bahari moja sebuleni, unakunywa chai, inazaa."

Cha kuchekesha ni kwamba yote hayo ni kweli. Uongo ulikuwa mmoja tu, kwamba yeye anaweza kuyafanya.

Pembeni ya meza, mke wa Mwenye Ukumbi alikuwa anabandika lebo kwenye chupa ndogo za plastiki. Alifanya kazi kwenye maabara ya idara ya maji, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kwa miaka mitatu alikuwa anaweka akiba anunue gari dogo la kubebea sampuli, ili siku za mapumziko azunguke kupima visima vya watu kwa kazi yake mwenyewe. Akiba hiyo ilikaa kwenye akaunti ya yeye na mumewe, na hilo ndilo kosa pekee la hesabu alilowahi kufanya.

"Na shemeji anafanya kazi gani?" Mtaalamu aliuliza, maana ni adabu kumuuliza mke wa mtu unayetaka kumkamua.

"Napima maji."

"Ahaa, kusoma mita za maji. Kazi nzuri, mwili unapata mazoezi."

Yule mama alifungua mdomo amsahihishe, lakini mumewe alikuwa ameshaingilia kati kuuliza kama hoteli hulipa taslimu.

"Hiyo akiba ni ya gari," mkewe alisema mgeni alipoondoka.

"Gari linazeeka. Tumbawe linazaa. Wewe unaona kipi ni mali?"

"Huyo mtu umemtoa wapi?"

"Kwa daktari," alijibu Mwenye Ukumbi, na kwa maana moja hakudanganya.

Baada ya wiki moja bahari ilifika. Tangi lilikuwa la kweli, la vioo vinene, lililotoka kwenye mkahawa uliofungwa. Pampu, kipasha maji na taa za buluu navyo vilikuwa vya kweli, vimechakaa kidogo. Kuanzia hapo kushuka chini, ukweli ulikatika. Madumu ishirini yaliyoandikwa kwa kalamu nene "Maji ya Kina Kirefu" yalikuwa yamejazwa kwenye bomba la nyuma ya kituo cha mafuta, na chumvi iliyomo ilitoka kwenye gunia la dukani. Mawe yalikuwa vifusi vya ukuta uliobomolewa, vimepakwa rangi ya zambarau na kijani halafu vanishi juu yake. Matawi ya matumbawe yalikuwa sponji za kuoshea vyombo, zimekatwa kwa mkasi. Samaki peke yao, wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, hawakuwa bandia, kwa sababu Mtaalamu alikuwa hajagundua namna ya kughushi samaki.

Majirani waliitwa. Walisimama mbele ya kioo na sahani mikononi, wakasema maajabu. Mwenye Ukumbi alifunga mikono nyuma ya mgongo akawaeleza kwamba tumbawe ni mnyama. Mmoja aliuliza mbona halisogei. "Limelala," alisema Mtaalamu, na wote wakapunguza sauti.

Jumatatu mama alichota chupa moja ya maji yale akaenda nayo kazini. Jioni alimwekea mumewe karatasi kando ya sahani, ina tarehe na muhuri.

"Haya ni maji ya bomba," alisema. "Dawa ya kuua vijidudu imo yote. Chumvi ni ya kupikia, hata madini joto yake yanaonekana. Maji ya bahari yana vitu vingi ambavyo humu havimo kabisa. Hao samaki watakufa."

Mwenye Ukumbi alitafuna mpaka akamaliza. "Wewe unajua maji ya visima, mke wangu. Haya ni maji ya kina kirefu."

"Maji ni maji. Nayapima yote kwa vifaa hivyohivyo."

"Ndiyo maana nasema. Kila mtu na fani yake."

Samaki walikufa siku ya nne. Mtaalamu alipopigiwa simu alishusha pumzi ndefu akasema hiyo ni huzuni ya kuhama, samaki wa kwanza mara nyingi huondoka nayo. Alileta wawili wengine kwa malipo mapya. Kisha hakuonekana kwa miezi, kwa sababu siku hiyohiyo alichukua kwa Mwenye Ukumbi akiba yote iliyobaki, akidai ni ya "awamu ya pili" ya bahari, akanunua pikapu nyeupe, akawa anazunguka nayo mitaa asiyoijua kwa raha tu ya kupiga honi.

Mama alirudi kutoka kazini mchana akawakuta wale wawili wapya wamebana kwenye kona moja ya juu, wanahema haraka haraka kama watu waliopanda ngazi. Alikuwa na haki zote za kuwaacha. Alishamweleza mumewe, karatasi ilikuwapo, na samaki wakifa tena pengine mzee angezinduka. Alikaa kwenye nailoni ya kochi akawatazama kwa dakika chache. Halafu akavua saa, akakunja mikono ya gauni, akatafuta beseni.

Mjini palikuwa na duka moja la samaki wa maji chumvi, na mwenye duka alikuwa mtu asiyecheka, aliyeamini kwamba wateja wote wapo duniani kwa ajili ya kuua samaki wake. Mama alimweleza yote. Alipofika kwenye sponji, mwenye duka alifumba macho.

"Dada, unataka nini hasa?"

"Nataka wasife. Fedha nyingi sina. Ila maji yako nitakupimia kila wiki, vizuri kuliko hivyo vikaratasi vya rangi unavyotumia."

Wakakubaliana. Siku hiyo aliondoka na ndoo ya chumvi halisi ya matangi, kipima chumvi, na maneno mengi ya ukali. Wale samaki wawili walihamia kwenye beseni la chumba cha kufulia, lenye pampu ndogo na maji mazuri. Vifusi vilitolewa vikaingizwa kwenye gunia. Sponji zilirudi jikoni zikafanya kazi yake. Tangi likaoshwa, likajazwa maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu, ndipo chumvi ikatiwa na kukorogwa na kupimwa. Kisha yakaja mawe hai kutoka dukani, ya kijivu, yanayonuka pwani, yamejaa viumbe usivyoviona. Mwenye duka alimpa polepole, moja leo, moja wiki ijayo.

"Usiweke samaki kwanza," alimwambia. "Maji mapya ni sumu. Uchafu wa samaki unageuka sumu kali, sumu kali inageuka nyingine, na hiyo nyingine ndiyo inavumilika. Wanaofanya hiyo kazi ni vijidudu vya kwenye mawe, na havifanyi kwa amri ya mtu. Wiki sita."

Wiki sita tangi tupu sebuleni, na mume mwenye wageni. Mama alijua dawa yake.

"Mtaalamu ameagiza bahari ipumzike," alisema mezani.

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Mpigie."

Mwenye Ukumbi alipiga. Mtaalamu, akiwa ndani ya pikapu na kiwiko dirishani, hakujua lolote kuhusu kupumzika kwa bahari, lakini hakuwahi katika maisha yake kukataa sifa aliyopewa bure. "Ndiyo, niliagiza," alisema. "Ipumzike kabisa."

Tangu siku hiyo chochote ambacho mama alitaka kifanyike kwenye tangi kilikuwa amri ya Mtaalamu. Taa zisizidi saa nane kwa siku, Mtaalamu kasema. Mabaki ya chakula yasitupwe humo kuwafurahisha wageni, Mtaalamu kakataza. Mwenye Ukumbi, ambaye kwa miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kumtii mkewe hata kwenye kufunga mlango, alitii yote.

Mama alipima kila jioni, akaandika kwenye daftari. Sumu ya kwanza ikapanda ikashuka, ya pili ikapanda ikashuka. Samaki wakarudi tangini. Konokono wakaletwa kula ukungu wa vioo. Mwezi wa tatu mwenye duka, bila kutabasamu, alimpa vipande vitatu vya matumbawe, kila kimoja kama ncha ya kidole. Mama alivigundisha kwenye mawe. Kwa siku mbili vilikaa vimefumba kama ngumi. Siku ya tatu alikuwa anapanga sahani alipotupa jicho akakuta kimoja kimefunguka, mikono midogo ya kijani inapepea kwenye mkondo wa pampu. Akaacha sahani palepale. Kwa miaka kumi na mbili alikuwa amepima maji ili watu wasiumwe, na hajawahi kuona maji yanamshukuru.

Kufika mwezi wa sita ukuta ule ulikuwa umechanua. Mwenye Ukumbi akampigia Mtaalamu simu ya shukrani, ndefu, yenye kigugumizi cha furaha.

Mtaalamu alidhani ni mtego. Siku zote simu za wateja baada ya miezi sita zilikuwa na matusi. Alikuja kwa tahadhari, akaiacha pikapu imeelekea barabarani, akaingia sebuleni akiwa tayari kusema habari za huzuni ya kuhama. Akasimama. Mbele yake palikuwa na mawe yaliyovaa zambarau isiyo ya kopo, na matawi ya kijani, ya waridi, ya manjano, yote yanapumua. Samaki wawili wanene walikuwa wanapita katikati yake kama wenye nyumba.

Mtu mwenye akili ya kawaida angejiuliza nani amefanya hivi. Mtaalamu alijiuliza ile rangi aliinunua duka gani. Alikaa kwenye kochi, akatazama vidole vyake, na polepole, kwa uzito wa mtu anayepokea cheo, akaamini kwamba ana kipaji. Miaka yote amewaibia watu bila kujua kwamba alikuwa na fani halali mikononi.

"Nilikuambia, mheshimiwa," alisema kwa unyenyekevu uliomshangaza hata mwenyewe.

"Sasa kuuza?"

"Bado. Mimi nitakuambia wakati."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwenye duka la samaki, akajifanya mpita njia. Akauliza bei ya kipande kimoja cha tumbawe, kidogo kuliko kishungi cha sigara. Mwenye duka alimtajia. Mtaalamu akaomba arudie. Kisha akatoka nje, akashika nguzo ya taa kwa muda. Kwenye sebule ile kulikuwa na mali ya pikapu tatu, na mwenyewe hajui bei.

Alirudi siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati Mwenye Ukumbi yuko ukumbini anagombana na wapamba maua. Mama alikuwa mapumziko. Alimfungulia, akamwambia asubiri, birika liko motoni. Mtaalamu hakuwa mtu wa kusubiri mahali alipowekwa. Alimfuata mpaka kwenye mlango wa chumba cha kufulia, na hapo, sakafuni, akaona ndoo nyeupe. Ndani yake kulikuwa na jiwe limefunikwa na maua. Maua ya kahawia, mamia, kila moja na bua lake jembamba na taji la nyuzi, yanayumba taratibu kama shamba lenye upepo. Tangini hakuona yaliyojazana hivyo.

Mama alitupa kitambaa juu ya ndoo.

"Shemeji," Mtaalamu alisema kwa upole, "hilo umelificha?"

"Nimelitenga. Limetoka tangini. Hili haliwezi kukaa na mengine."

"Naelewa," alisema Mtaalamu, ambaye mawazo yake yalikuwa yamefika hotelini. "Na linazaliana?"

Mama alimtazama usoni, kisha akatazama ndoo, kisha akamtazama tena. Nyuma yake birika lilianza kupiga mluzi. Alinyoosha mkono akazima jiko.

"Linazaliana mpaka linachosha," alisema. "Ukikata moja, baada ya siku chache una matano. Ukilibana linateremka kwenye jiwe la pili."

"Mheshimiwa anajua?"

"Hajui. Na sina haja ajue."

Mtaalamu akaiweka hesabu kwenye mizani. Mwanamke msoma mita, anamficha mumewe, hajui bei. Alivuta kiti cha plastiki akakaa.

"Nikuondolee mzigo huo. Sema unataka nini."

"Mimi ni mtu wa kutembea, shemeji. Nazunguka majumba ya watu na mabegi mazito, miguu inaniuma." Alichungulia dirishani. "Ile pikapu ni yako?"

"Pikapu kwa jiwe moja?"

"Basi acha. Nilikuwa nataka kulimalizia leo."

Mtaalamu alielewa kwamba alitaka kuliuza leo, kwa mtu mwingine. Alihesabu maua aliyoweza kuyahesabu, akazidisha na bei ya dukani, akakosa tarakimu. Akakunja uso wa huzuni, akalalamika kwa robo saa, akasema shemeji unanimaliza. Mama alikuwa anakunja nguo. Mwishowe wakaenda wote ofisi ya magari, wakapanga foleni, kadi ya gari ikabadilishwa jina. Kwa kuwa moyo wake haukuwa mbaya, mama alimwongezea na jiwe la pili, dogo, lenye maua machanga, na ndoo ya maji mazuri ya kuanzia.

"Unisikilize vizuri," alimwambia getini. "Usiyaweke popote ambapo hutaki yaenee."

"Nataka yaenee, shemeji," alisema Mtaalamu, na njia nzima alikuwa anacheka peke yake na ndoo mbili mikononi.

Yakaenea. Katika chumba chake cha kupanga alinunua mabeseni manne, pampu na taa kwa fedha aliyokopa kwa mwenye nyumba. Kila asubuhi aliamka akakuta mapya: kwenye plastiki, kwenye mpira wa pampu, kwenye waya. Aliyakata kwa wembe, nayo yakajibu kwa wingi. Hakuna kitu kilichowahi kumtii namna hiyo. Baada ya wiki tano alivaa shati la mikono mirefu, akapakia beseni moja kwenye bajaji, akalipeleka dukani.

Mwenye duka alifunua kifuniko, akakirudisha upesi kama aliyefunua choo.

"Toa hilo nje."

"Hujaliangalia vizuri. Ni hai yote."

"Ndiyo ubaya wake. Hilo ni gugu. Linauma matumbawe mpaka yanakufa, na ukilikata unalipanda. Tone la maji ya hilo beseni likiingia kwenye matangi yangu, tutaonana mahakamani." Alilisukuma beseni kwa fimbo ya ufagio mpaka kizingitini. "Umelitoa wapi?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani hakukuambia? Mara ya mwisho niliyaona kwenye jiwe nililompa dada mmoja wa maabara ya maji. Nikamwambia alitenge, achemshe birika alimwagie maji ya moto, hiyo ndiyo dawa. Yule anajua kazi. Ana tangi zuri kuliko langu, kalianza kwa mikono yake kutoka kwenye vifusi vya tapeli mmoja."

Mtaalamu alisimama kizingitini na beseni lake. Maneno yale yaliingia moja moja: maabara, birika, vifusi. Lililomuuma kupita yote halikuwa pikapu. Lilikuwa kile kipaji, ambacho amekaa nacho wiki nyingi, ambacho alikuwa ameshaanza kumsimulia mwenye nyumba wake. Kikaondoka hapo hapo mlangoni, kama kilivyokuja.

Alitembea kwa miguu mpaka kwa Mwenye Ukumbi. Alimkuta mama uani anapanga chupa nyuma ya pikapu. Ubavuni mwa gari kulikuwa na maandishi mapya ya kijani: Upimaji wa Maji ya Visima.

"Shemeji, uliniuzia gugu."

"Karibu. Nilikuambia nini siku ile?"

Mtaalamu alifuta jasho usoni.

"Nilikuambia haliwezi kukaa na mengine. Uongo?"

"Si uongo."

"Nilisema linazaliana. Limezaliana?"

"Limejaa chumba."

"Basi shida iko wapi?"

"Nitamwambia mumeo. Nitamwambia kila kitu."

"Mwambie. Anza na madumu, ulijaza wapi. Vifusi vyako viko stoo kwenye gunia, na karatasi ya maabara ninayo, ina muhuri. Akimaliza kukusikiliza yeye, polisi nao watataka kusikia." Alifunga mlango wa nyuma wa pikapu kwa utaratibu. "Au ukitaka, ingia ndani unywe maji. Umetembea jua kali."

Kabla hajajibu, gari la Mwenye Ukumbi liliingia na wageni watatu, bwana harusi mtarajiwa na wazazi wake, ambao walikuja kulipia ukumbi lakini sheria ya nyumba ilikuwa kwanza waione bahari.

"Mnaona bahati yenu," alisema Mwenye Ukumbi, akimshika Mtaalamu begani. "Huyu ndiye mwenyewe. Mke wangu juzi amepata pikapu kutokana na matumbawe ya huyu bwana. Faida ya kwanza hiyo. Nilimwambia mimi, akabisha."

Wakamwingiza Mtaalamu sebuleni kama bibi harusi. Mzazi wa kike wa bwana harusi, mwenye miwani, aliinama mbele ya kioo akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali la mtu anayetaka kujua kweli: kwa nini baadhi ya yale matawi yamefunga na mengine yamefunguka?

Wote wakamgeukia Mtaalamu. Mtaalamu akafungua mdomo. Akatafuta ndani yake lile neno lililokuwa halijawahi kumkosa, akakuta hakuna hata "limelala", hata "limehuzunika". Akamtazama mke wa Mwenye Ukumbi.

"Yale ya juu yamepata mwanga wa kutosha kwa leo," mama alisema. "Yakishiba yanajifunga. Kesho saa tatu utayakuta yamefunguka yote."

"Hata mke wangu amejifunza," Mwenye Ukumbi aliwaambia wageni kwa fahari. Halafu akapitisha kidole kwenye kioo, akakunja uso. "Lakini kioo kina ukungu. Mtaalamu, hii si kazi yako? Miezi yote hii hujakigusa."

Mama alikwenda chumba cha kufulia akarudi na kikwangulio, mpira wa kunyonyea maji na ndoo mbili, akaviweka mbele ya miguu yake. Mtaalamu alimtazama mume, akawatazama wageni, akamtazama mke. Akakunja mikono ya lile shati zuri.

Alikwangua kwa saa moja na nusu. Wageni walimaliza soda zao, wakalipia ukumbi, wakaondoka, na Mwenye Ukumbi akawasindikiza mpaka barabarani akiwaeleza kwamba tumbawe ni mnyama. Mtaalamu alibaki amepiga magoti, kiwiko kinatiririka maji ya chumvi, wale samaki wawili wamesimama upande wa pili wa kioo wanamwangalia.

"Huko kona ya chini bado," mama alisema kutoka mezani, ambako alikuwa anabandika lebo. "Kwa mkono mwepesi, usiguse matawi."

Akarudia kona ya chini.

"Sasa hayo maji machafu yabebe ukayamwage chooni. Bustanini usimwage, chumvi inakausha majani. Na wiki ijayo uje mapema, kabla taa hazijawaka."

Mtaalamu alinyanyua ndoo, moja kila mkono, akazipeleka.